Video Nne za Pampu ya Babu

Likizo ya mwezi wa sita nikiwa kidato cha tatu, babu alikuja kukaa kwetu Tunduma, na mama akaacha kutumia mlango wa mbele wa nyumba yake mwenyewe.

Babu ni baba mzazi wa baba yangu. Kwake ni Ileje, juu milimani, na kwa Wandali wa kule mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawali meza moja, hawapishani kwenye njia nyembamba, hawasemeshani. Mkamwana akiona mzee anakuja, anakata kushoto hata kama kushoto ni shamba la mahindi la mtu. Si ugomvi, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini babu hajaacha, na mama hataki kuwa yeye wa kumwachisha. Mama ni muuguzi wa zahanati, anachoma sindano wanaume wazima kutwa nzima bila kupepesa macho. Sura ya mkwe wake anaijua kwa picha ya harusi tu, na hata hiyo ukimwonyesha anatazama keki.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na sebule. Kwa watu wawili wasiotakiwa kuonana, hiyo ni nyumba ndogo kama kiberiti. Wakajiwekea utaratibu bila kuambizana: anayetaka kupita anakohoa kwanza, mwenzake ajifiche. Utaratibu mzuri, ila babu alikuwa na pumu. Alikohoa akiamka, alikohoa akinywa chai, alikohoa akicheka. Kila akikohoa, mama anatimkia uani na mwiko mkononi. Siku ya kwanza ugali uliungua mara mbili.

Baba angetusaidia, lakini baba ni dereva wa lori na wiki zile alikuwa upande wa Zambia, hajui atarudi lini. Kwa hiyo tulikuwa watatu: babu sebuleni, mama jikoni, na mimi katikati kama barua.

Babu alikuwa ametoka kulazwa. Daktari alimpa pampu ya kuvuta, ile ya kopo dogo lenye mdomo wa plastiki, akamwambia mbele yangu: "Mzee, dawa unayo, ila unaipuliza kwenye meno. Rudi Ijumaa ya wiki ijayo unionyeshe unavyovuta mwenyewe. Ukiweza, unaenda zako Ileje. Usipoweza, unabaki mjini, karibu na hospitali."

Kwa babu, kubaki mjini kulikuwa kifungo. Mwezi wa sita kwetu ni vumbi na upepo wa baridi, na malori yanayosubiri kuvuka mpaka yamesimama barabarani yakiunguruma asubuhi hadi usiku. "Hapa hata hewa inapanga foleni," alisema. Alitaka kahawa yake iliyokuwa inaiva bila yeye, migomba yake, na nafasi yake kwenye benchi la pili kanisani, ambayo aliamini kuna mzee mwenzake alikuwa anaitamani.

Mimi nilitaka apone. Sikutaka aondoke. Niliandika hivyo hivyo kwenye daftari langu, mistari miwili, nikalificha chini ya godoro.

Sababu ni kwamba mimi siongei. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini naanza kuangalia kucha zangu kama zimeandikwa kitu. Dukani naonyesha kwa kidole. Kwa babu tu ndipo maneno yanatoka, kwa sababu babu na mjukuu ni watani. Ananiita mke wangu, mimi namwita mume mzee asiye na meno, ananiambia nimeolewa kwa huruma, namwambia mahari yake ilikuwa kuku mmoja tena mgonjwa. Hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumtukana.

Somo la kwanza tulilifanya sebuleni. Mama alisimama jikoni nyuma ya pazia, babu amekaa kitini hatua tatu kutoka hapo, na mimi nimesimama katikati yao.

"Mwambie babu yako atikise kwanza," mama alisema.

"Babu, tikisa kwanza."

"Mwambie mama yako nimesikia, masikio siyo yanayoumwa."

"Mama, amesikia."

"Mwambie atoe pumzi yote nje, aweke mdomoni, afunge midomo, aanze kuvuta polepole huku anabonyeza. Halafu aibane pumzi mpaka ahesabu kumi."

Babu akavuta. Akabana. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Tatu..."

"Babu, ukihesabu kwa sauti pumzi inatoka!"

"Sasa nitajuaje nimefika ngapi?"

"Hesabu moyoni."

"Moyoni nahesabu Kindali, na Kindali hakina haraka. Mtanizika kwenye saba."

Akacheka, akakohoa, na nyuma ya pazia nikasikia miguu ya mama ikikimbilia uani. Somo likaisha.

Ndipo mama akaja na wazo la video. Kule zahanati mganga mfawidhi, mkuu wake wa kazi, alikuwa amemwomba atengeneze video fupi za kuwafundisha wagonjwa vifaa vyao: pampu, mashine ya presha, kipima sukari. Watu wanapewa kifaa, wanaitikia "nimeelewa", wakifika nyumbani wanakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mama akasema tuanze na pampu, na mgonjwa wa majaribio tunaye ndani. Mimi nikawa mpiga picha. Kazi hiyo niliipenda. Nyuma ya simu hakuna anayekuona.

Video ya kwanza alisimama mama mwenyewe uani, na sare nyeupe, nywele kazibana vizuri. "Habari yako, ndugu mgonjwa," akaanza. Alieleza kila hatua kama anasoma taarifa ya habari. Nilijivunia. Nikampelekea babu simu, nikaibonyeza icheze.

Babu aliitazama kama nusu sekunde. Akailaza kifudifudi mezani, akaifunika kwa kofia yake, akageuza kiti kikatazama ukuta.

"Mke wangu, unataka kuniua? Umeniletea mkamwana mpaka kiganjani!"

"Babu, ni video. Yeye hakuoni."

"Yeye hanioni, mimi namwona. Hapo ndipo pabaya zaidi. Nimemchungulia mtu asiyejua."

Chini ya kofia mama alikuwa bado anaeleza jinsi ya kutoa kifuniko.

"Mwambie anisamehe," sauti ya mama halisi ikatoka jikoni.

"Mwambie hakuna kosa. Ila huyu aliye chini ya kofia mnyamazishe, siwezi kuvaa."

Video ya pili tulipiga mikono tu. Mikono ya mama, pampu, na kitambaa cheupe mezani. Sauti ikawa yangu, nikisoma karatasi kwa kunong'ona. Hapo hakuna sura, hakuna sauti ya mkamwana. Tuliona tumeshinda.

Babu akatazama hatua ya kwanza, akatazama ya pili, akasogeza simu karibu na pua.

"Mikono hii ya nani?"

"Ya... muuguzi."

"Huyu muuguzi ana kovu la kuungua kwenye kidole gumba."

Nikaanza kuangalia kucha zangu.

"Mke wangu, sahani yangu ya ugali inatokea pale kwenye pazia mara mbili kwa siku. Sura siiangalii, hilo najua kulifanya. Lakini mkono ulioshika ugali nao niufumbie macho? Si nitakufa njaa!"

Kofia ikarudi juu ya simu.

Mama alinitazama usiku ule tukiosha vyombo, na mimi nikajua kabla hajasema kwamba sasa sura itakuwa yangu. "Hapana," nikasema. "Hapana mama. Mtu mwingine." Alitaja siku zilizobaki, sita, akataja kwamba babu anavuta hewa tupu na kupaka dawa ulimi. Nilikataa kesho yake mchana kutwa. Jioni nikasikia kifua cha babu kikipiga filimbi anapovua viatu, kazi ndogo tu ya kuvua viatu, nikaenda kuchana nywele.

Kwa ajili ya video mama alileta pampu iliyokwisha kutoka zahanati, tusichezee dawa. Ilikuwa imekwama, haibonyezeki. Nikaambiwa niweke kidole juu yake tu, niigize. Karatasi ya hatua tuliibandika ukutani upande wangu wa kushoto ili nisisahau. Simu tukaiegemeza kwenye debe la unga.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mara ya kwanza sauti haikutoka kabisa, ninaonekana nikitafuna hewa. Mara ya nne lori likapiga honi. Mara ya tisa mama mmoja muuza vitenge wa nyumba ya pili akaanza kumwita mteja wake Mzambia kwa Kibemba, bei na vicheko vyote vikaingia. Mara ya kumi na saba nilifika mwisho lakini nililia. Ya ishirini na tatu tukaikubali.

Babu aliitazama mpaka mwisho bila kofia.

"Huyu binti anafundisha au anaomba msamaha?"

"Babu!"

"Nauliza tu. Maana ningekuwa hakimu ningemwachia huru."

Lakini aliikubali. Asubuhi na jioni akawa anaiweka simu mbele yake, anafanya ninavyofanya. Kuhesabu nilikuwa nimehamishia kwenye vidole vya mkono wa kushoto, nakunja vitano, nakunjua vitano, na yeye akakunja na kukunjua. Siku ya pili nikaona kitu. Kabla ya kuweka pampu mdomoni, babu aligeuza macho kushoto, akatulia, akayarudisha.

"Babu, unaangalia nini pale?"

"Sijui. Wewe uliangalia nini?"

Nilikuwa nimechungulia karatasi. Na baada ya kuhesabu kumi alijikuna pua, kwa sababu mimi, katika video, nilijikuna pua. Alidhani ni hatua. Tulicheka mpaka mama akatimka tena. Kwa kuwa pua haimdhuru mtu nikaacha hivyo. Nikaandika kwenye daftari kwamba mimi ni mwalimu na mwanafunzi wangu haachi hata nukta.

Jumatano mchana, mama akiwa hana zamu, upepo ulikuja na vumbi lote la barabarani. Babu alikuwa ametoka nje ya geti kutazama malori, jambo tulilomkataza. Alirudi ameshika ukuta. Filimbi ya kifua niliisikia kabla sijamwona. Akakaa, akachukua pampu, akafanya vizuri mno. Akatikisa. Akatoa pumzi. Akaangalia kushoto. Akaweka mdomoni, midomo imefunga, akavuta polepole, akabana, akakunja vidole, akakunjua. Akajikuna pua.

Haikusaidia. Akarudia. Haikusaidia. Mabega yakaanza kupanda na kushuka, na maneno yakamwishia, babu ambaye maneno hayamwishii. Mimi nimesimama pale, kichwani napitia karatasi hatua kwa hatua, na kila hatua alikuwa ameifanya.

"Mbona sisikii fss?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Nini?"

"Fss! Pampu ikibonyezwa inapiga fss. Siku zote hizi namsikia akivuta, sijasikia fss. Nilidhani malori yananizibia. Angalia kidole chake!"

Nikaangalia. Kidole cha babu kilikuwa kimekaa juu ya pampu vizuri, kimepumzika, kama ndege juu ya waya. Kama changu kwenye video.

"BONYEZA!" nikapiga kelele. "BABU, BONYEZA!"

Sikujua nina sauti ile. Ng'ambo ya ukuta yule mama wa vitenge akaitikia, "Nibonyeze nini?"

Nikapiga magoti, nikaweka kidole changu juu ya chake. Alipoanza kuvuta tukabonyeza pamoja. Fss. Nikamhesabia. Tukasubiri kidogo, tukarudia. Fss. Chini ya pazia niliona vidole vya miguu ya mama vimejikunja sakafuni. Baadaye aliniambia alikuwa anahesabu, na kwamba angefika thelathini kabla babu hajapata nafuu, angeingia, mila ingemsubiri nje. Alifika ishirini na sita.

Filimbi ikapungua. Babu akakaa muda mrefu ameshika mkono wangu. Maneno yaliporudi, yalirudi na lawama.

"Kwenye video hukubonyeza."

"Niliigiza, babu."

"Na mimi nikakuigiza wewe. Mke wangu, mimi mzee wa kanisa, nimedanganya pumu kwa siku tatu!"

Nilienda uani nikalia nyuma ya tangi la maji. Mama alinifuata, akakaa juu ya ndoo. Hakunipa pole sana. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyetoa pampu mbovu, na kwamba sasa tumejifunza jambo ambalo mganga mfawidhi halijui: mgonjwa haigi unachosema, anaiga unachofanya, pua na vyote. Kisha akasema, "Halafu unamfundisha kama mgeni. Hivyo ndivyo unavyoongea na babu yako?"

"Siwezi kuongea hivyo kwenye video."

"Kwa nini?"

Nikafungua bomba la tangi, nikanawa uso.

Video ya nne tulipiga Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajawashwa. Madirisha tumefunga. Karatasi hakuna. Pampu ni ya babu mwenyewe, nzima. Mama akasema tutapoteza dawa kidogo na hiyo si kupoteza. Mimi nikaambiwa nisiivute, nikaielekeza pembeni tuibonyeze hewani ionekane ukungu unavyotoka. Nikaangalia simu, nikajisemea kwamba huyo ni babu amekaa ndani yake.

"Wewe mzee," nikasema, "uliyeshindwa na kopo dogo kama kigunzi. Mume gani anabebwa na vumbi? Nitazame mimi, usitazame ukuta. Tikisa. Nimesema tikisa, hukuambiwa ubembeleze. Toa pumzi yote, hata ile uliyoificha kwa ajili ya kunisema. Mimi siumwi, nabonyeza pembeni; wewe weka mdomoni, funga midomo, na ukiwa unavuta, bonyeza. Tega sikio: fss. Umesikia? Usiposikia fss umekula upepo, na upepo wa Tunduma hauponyeshi mtu. Bana. Vidole. Usijikune pua."

Dakika moja na nusu, mara moja tu, haikurudiwa.

Babu alicheka mpaka nikaogopa. Akaitazama tena na tena, na kila nikisema neno kwenye simu, yeye anajibu: "Nani kashindwa? Nani anabebwa na vumbi? Ngoja uone!" Kisha akachukua pampu kwa hasira ya mchezo, akafanya. Fss ilisikika mpaka jikoni.

"Nimesikia," pazia likasema.

Ijumaa tulienda hospitali, mimi na yeye. Njiani nilifikiria jambo, na naliandika kwa sababu ni kweli: akikosea kidogo tu, atabaki. Likizo itaisha, nitarudi kutoka shule kila siku nimkute sebuleni. Sikuomba akosee. Lakini pia sikuomba asikosee.

Daktari akamwambia, "Haya mzee, nionyeshe." Babu akavua kofia, ishara ya kazi kubwa. Akatoa kifuniko. Akatikisa. Kisha, labda kwa sababu ya koti jeupe, akaipeleka pampu mdomoni moja kwa moja, kifua kimejaa hewa, hajatoa pumzi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni. Nilikuwa na muda wa kunyamaza, muda mrefu tu, na kunyamaza ndiyo fani yangu.

"Toa pumzi kwanza, we mume mzee usiye na meno!"

Daktari akageuka. Muuguzi aliyekuwa anaandika akaacha kuandika. Babu akatoa pumzi yote, akanitolea na ulimi juu yake, kisha akafanya kila hatua mpaka mwisho bila mtu kumgusa wala kumwambia. Daktari akasema arudie tena toka mwanzo, mimi nikiwa nje ya mlango. Nikatoka. Nikasikia kimya, kisha fss, kisha kimya cha vidole kumi.

"Nenda kachume kahawa yako, mzee," daktari akasema.

Video ile ya nne mama aliituma kwa wagonjwa wa zahanati, na wao wakawatumia ndugu zao. Aliniuliza kwanza, nami nikakubali kwa kutikisa kichwa, kabla sijafikiri. Bibi mmoja wa Nanyala alituma ujumbe wa sauti akiuliza huyu mtoto mkorofi ni wa nani, mbona anamtukana, ila amebonyeza. Kuna mtu wa Chitete ambaye mume wake hana pumu lakini anamchezea video hiyo kila asubuhi.

Jumamosi baba mdogo alikuja na gari kumchukua babu, warudi Ileje kwa barabara inayokatia pale Mpemba. Nilimbebea mfuko mpaka getini. Alikaa kiti cha mbele, na kabla gari haijawashwa akasema ngoja, vumbi la njiani silijui. Akatoa pampu. Nikasimama dirishani kwake, nimejiandaa, maneno yote ya kumsema yamejaa mdomoni.

Akatikisa. Akatoa pumzi. Macho mbele. Akavuta, akabonyeza, akabana, akakunja vidole vitano, akakunjua vitano, taratibu, kwa Kindali.

Hakukosea popote. Akanitazama, akasubiri nimwambie kitu, na mimi sikuwa na cha kumrekebisha.